Vita Vilipokwisha, Ng'ombe Hawakurudi

Nimezaliwa Kiziba, katika mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi na ambao baada ya vita ulipewa jina la Kagera. Vita dhidi ya Idi Amin vilipoanza nilikuwa darasa la sita. Wengi wamevisimulia vita hivyo kwa habari za makamanda, vifaru na hotuba, nami sina ugomvi nao. Askari vijana waliokufa vitani wakazikwa Kaboya wanastahili kusimuliwa. Ila yapo niliyoyaona shambani, jikoni na bwenini ambayo huwa hayaandikwi. Hayo ndiyo yaliyonionyesha jinsi vita vinavyomshika mtu mwenye chake kidogo, vikamfanya fukara, na kumwacha hapo hapo miaka mingi baada ya ushindi kutangazwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa. Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa tarehe 2 Novemba, na maneno yake kuhusu sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin kila mtu wa rika langu anayajua kwa moyo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwa jeshi letu ulikuwa ushindi mkubwa, nami mpaka leo naamini hatukuwa na njia nyingine.

Mama mdogo alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, upande wa Bunazi. Walifika kwetu usiku yeye, baba mdogo na watoto wao, msimu ule ule wa senene, wakiwa na sufuria, blanketi na redio isiyo na betri. Ng'ombe wao walibaki. Baba mdogo hakuwa tajiri. Alikuwa na kundi dogo, nyumba ya bati, baiskeli na kibanja cha migomba na kahawa kilichomlisha na kumpatia fedha ya sukari na sare za shule. Wanajeshi wa Amin waliwaswaga ng'ombe wa eneo lile kwa maelfu kuelekea Uganda, wa ranchi na wa wanakijiji pia. Walichukua baiskeli, milango, madirisha, mabati. Hata mitambo ya kiwanda cha sukari ilikombwa.

Asiyetoka kwetu atasema ng'ombe ni ng'ombe tu, mtu atanunua wengine. Kwa Wahaya kibanja na ng'ombe havitenganishwi. Mvua ni nyingi na huosha udongo, kwa hiyo mgomba hauwezi kuishi pale vizazi na vizazi bila samadi. Kila asubuhi samadi hutolewa zizini ikarundikwa kwenye mashina, juu yake yakatandazwa majani yaliyokatwa rweya, yaani kwenye nyika ya nyasi iliyo nje ya vibanja. Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuturithisha mgomba ule ule waliourithi wao. Ukimwondolea mtu ng'ombe, kwanza utaona hakuna maziwa ya mtoto. Baada ya mwaka wa pili na wa tatu utaona mikungu imekuwa midogo, kahawa imenyauka, wadudu wamepata nguvu kwenye mashina yaliyodhoofika na migomba inaanguka kabla haijazaa.

Na hayo ndiyo yaliyowapata mama mdogo na mumewe. Waliporudi mwaka 1979 walikuta kuta bila paa na kibanja kilichogeuka pori. Baba yangu alimpa baba mdogo jembe, mama akawapa mbegu za maharage. Lakini mtamba wa kuanzia hakuna aliyekuwa naye wa kutoa, kwa sababu hata upande wetu wa mto watu walikuwa wamechinja na kuuza ili kulisha wageni waliojaa nyumbani. Alikuja karani na daftari akaandika mali ya kila kaya: ng'ombe kadhaa, mabati kadhaa, baiskeli moja. Baba mdogo aliweka dole gumba. Hakuna shilingi iliyowahi kufika mkononi mwake kutokana na daftari lile.

Nilikwenda kuwatembelea likizo moja nikiwa sekondari. Nilimkuta akirudi kutoka kulima kibanja cha mtu mwingine, amebeba mkungu ambao ndio ulikuwa ujira wake. Mtu aliyekuwa akiwagawia majirani maziwa bila kupima, sasa alikuwa kibarua wa kulipwa ndizi. Siku aliyolima kwa mwenzake, chake kilibaki na magugu, na kwa sababu kilibaki na magugu ilimbidi kesho yake aende tena kwa mwenzake. Alikuwa mchapakazi kuliko wanaume wengi niliowafahamu. Waliosema watu wa mpakani wamebweteka kwa kuzoea misaada hawakuwahi kukaa uani kwake na kuuona mzunguko ule ukimzungusha.

Tuliokuwa mbali na mpaka tulilipa kwa namna nyingine. Serikali iliyachukua malori na mabasi kupeleka askari na vifaa mstari wa mbele, na jeshi lenyewe, pamoja na mgambo, likapanuka kutoka watu wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 100,000. Lori likienda vitani haliji kuchukua kahawa, na halileti chumvi. Mgambo akienda vitani, shamba lake linabaki kwa mkewe peke yake. Gharama za vita zinakadiriwa kufika dola milioni 500, fedha za kigeni ambazo nchi ilizihitaji kununulia mafuta, vipuri, dawa na malighafi za viwanda. Miaka ile hakuna aliyeturudishia, na sehemu ya jeshi letu ilibaki Uganda hadi mwaka 1981.

Si haki kuitupia vita lawama zote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na tukalazimika kuanzisha mashirika yetu upya. Mwaka 1979 bei ya mafuta ilipanda dunia nzima kwa sababu ya mapinduzi ya Iran. Bei ya kahawa ilishuka baada ya neema ya mwaka 1977. Na baadhi ya sera zetu wenyewe, kama kufunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuvunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, zilikuwa tayari zimemwumiza mkulima. Nchi ilikuwa na homa kabla ya vita. Lakini akiba ambayo ingetuvusha ndiyo iliyokwenda kununua risasi. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ile ilipita, nami nilimaliza kidato cha nne tukiwa bado tumeifunga.

Nilisoma shule ya bweni ya wasichana, ng'ambo ya ziwa. Tulisafiri kwa MV Victoria, kila mmoja na sanduku lake la bati, na kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya sanduku kilikuwa mche wa sabuni. Baba alipata kibali cha mche huo baada ya kwenda ofisini mara nyingi, kisha akapanga foleni kwenye duka la ushirika, ambako watu waliacha mawe na vikapu kuwashikia nafasi tangu usiku. Tuliukata vipande kwa uzi, kila kipande kikatengwa kwa wiki zake. Kikiisha, tulifua kwa majani ya mpapai: unayaponda, unayasugua kwenye nguo, kidogo yanatoa povu la kijani. Sare nyeupe zikawa za rangi isiyo na jina. Chakula kilikuwa ugali wa njano, unga wa Yanga kama ulivyoitwa, wa mahindi ya msaada kutoka Marekani. Chai tulikunywa na pipi mdomoni badala ya sukari, siku tulizopata pipi.

Kuna jambo la bwenini ambalo wanawake wa umri wangu hatulisemi hadharani, nami nalisema kwa sababu nalo ni sehemu ya umaskini wa vita. Msichana akiwa mwezini alitumia vipande vya kanga chakavu. Vipande hivyo vinahitaji maji, sabuni na jua. Sabuni ikikosekana, vinafuliwa kwa maji matupu na kufichwa chini ya godoro vikiwa vibichi. Tuliugua. Wengine walikosa masomo kila mwezi, na mmoja tuliyelala naye kitanda cha juu na chini alirudi kwao kidato cha pili, akaolewa. Hakuna takwimu ya gharama za vita inayomhesabu msichana huyo.

Nyumbani, vijana waligundua njia yao. Magendo yalikuwepo tangu zamani, ila baada ya vita yakawa ndiyo maisha. Kahawa iliyokaa ghalani ikisubiri malipo yasiyofika ilikuwa na mnunuzi wa taslimu ng'ambo ya mpaka, na Uganda nayo, iliyoporwa na kuvurugwa kuliko sisi, ilikuwa na wafanyabiashara wasiouliza maswali. Watoto wawili wa mama mdogo walibeba kahawa usiku, wakarudi na sabuni, vitenge na mafuta ya kupikia. Magendo hayo ndiyo yaliyowalisha watu wa nyumba ile. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Sokoine, walanguzi wakubwa walitajwa redioni, lakini kijijini kwetu niliona mama mwenye katoni moja ya sabuni akiitumbukiza chooni kwa hofu. Sokoine alikuwa mwadilifu, na kifo chake mwaka uliofuata kilitutoa machozi sote. Hata hivyo katoni ile ilikuwa mtaji wa mwanamke mmoja, nao uliishia shimoni.

Mwaka huo huo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani kwetu. Watu wa Kanyigo waliuita Juliana. Sitasema vita ndivyo vilivyouzaa. Ninachosema ni kwamba uliwakuta watu ambao vita viliwatawanya: askari, madereva, wafanya magendo, wanawake waliobaki peke yao na njaa. Ukakuta pia hospitali zisizo na glavu na nyumba zisizo na kitu cha kuuza ili mgonjwa apelekwe mjini. Mtoto mkubwa wa mama mdogo alikufa mwaka 1988, akafuata mke wake. Kipande cha kibanja kiliuzwa kwa ajili ya matibabu yasiyosaidia na mazishi. Watoto wao wakabaki kwa bibi yao, yule yule aliyevuka mto na sufuria.

Kufikia hapo shilingi nayo ilikuwa imeporomoka. Mwaka wa vita dola moja ilikuwa kama shilingi 8. Mwaka 1986, tulipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ilivuka 30, na katikati ya miaka ya 1990 ilivuka 500. Elimu na matibabu tulivyozoea kupewa bure vikaanza kuchangiwa. Mwenye ng'ombe aliuza ndama akalipa ada ya mtoto. Mama mdogo hakuwa na ndama.

Mimi nilisomea uuguzi, na mwaka 1994 nikajikuta Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Kambi ya Benako ikawa jiji la maturubai ya plastiki. Nilikuwa kwenye hema la watoto, na yale ya kuhara na surua sitayasimulia hapa. Jambo lililonirudishia kumbukumbu za nyumbani lilikuwa dogo zaidi. Wakimbizi waligawiwa mahindi mazima. Mashine ya kusaga ilikuwa ya mtu, na mtu anataka malipo, kwa hiyo mama alimwachia mwenye mashine sehemu ya mahindi yake. Chumvi ikitakiwa, kibaba kingine kiliuzwa. Kuni zikitakiwa, kingine. Chakula kilichopimwa kwa wiki mbili kikaisha mapema, na mwenye watoto wadogo asiyeweza kwenda kutafuta kibarua ndiye aliyemaliza kwanza. Walikuwemo wanawake waliokuwa na maduka Kibungo, na walimu, na wenye mashamba. Niliwaona wakijifunza upya kuomba.

Wenyeji nao hawakulingana. Mwenye shamba kubwa la migomba Ngara alineemeka: soko la ndizi lilikuja mlangoni, vibarua wakawa wengi na rahisi. Alijenga nyumba, akanunua gari. Jirani yake aliyeishi kwa kulima vibarua aliona ujira ukishuka karibu nusu, kwa kuwa mkimbizi alikuwa tayari kulima kwa bei yoyote. Kuni zilizokuwa nyuma ya nyumba zikawa mwendo wa saa kadhaa. Vita vilikuwa vya Wanyarwanda, risasi hata moja haikupigwa kijijini mwake, naye alitoka humo maskini kuliko alivyoingia. Wakimbizi walipoondolewa Desemba 1996 wafanyakazi wa mashirika tuliondoka na mishahara yetu. Milima ilibaki mitupu.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 mradi wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe ulifika kwa mama mdogo. Utaratibu wake ni rahisi: kaya inapewa mtamba chotara baada ya kujenga banda na kupanda majani ya malisho, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa kaya nyingine. Baba mdogo alikuwa ameshafariki. Mjukuu wa kiume ndiye aliyejenga banda. Nilifika pale mtamba alipokuwa na miezi michache tangu aletwe, nikamkuta mama mdogo ameinama anakusanya samadi kwa mikono mitupu, anaipeleka kwenye shina moja moja karibu na nyumba kwa sababu bado haikutosha kwenda mbali. Aliniambia, "Mwanangu, hawa niliwangoja." Miaka minne baadaye walivuna mikungu ambayo mjukuu yule hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Tangu ng'ombe wa kwanza waliposwagwa kuelekea mpakani hadi mikungu ile, ilipita zaidi ya miaka 20.

Kwa hiyo nikisikia redioni kwamba mahali fulani vita vimekwisha na wakimbizi wanarudi makwao, iwe Burundi au Sudan Kusini, swali langu ni wanarudi na nini. Unga wa miezi mitatu watapewa. Nani anawapa mbuzi, mbegu, cherehani, nyavu? Na wakiwa bado kambini, kama ndugu zetu Wakongo wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambao wengine wamekaa huko tangu mwaka 1996, kwa nini tunawabana wasitoke kutafuta kazi wala kufanya biashara, halafu tunashangaa kwamba wanategemea mgawo? Naisema serikali yangu hapa, maana naipenda nchi hii na najua tulishawahi kuwa wakarimu kuliko hivi.

Nilidhani kwa umri wangu nimemalizana na vita. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine. Binti yangu anauza chapati na maandazi Bukoba mjini, karibu na stendi. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania hutoka nje, na Urusi ni miongoni mwa wanaotuuzia. Mafuta ya kupikia yalikuwa yameshapanda, yakapanda tena. Petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kila kitu kinachobebwa na gari kikafuata. Binti yangu aliogopa kupandisha bei, maana wateja wake ni bodaboda na wapagazi ambao nao walikuwa wamebanwa. Akapunguza donge la unga. Chapati zikawa nyembamba, wateja wakalalamika, akarudisha donge, akawa anauza bila faida. Akala mtaji. Ulipoisha alichukua mkopo, ile mikopo tunayoiita kausha damu, ya marejesho ya kila wiki, na aliyemkopesha alibeba friji yake siku aliyochelewa.

Kabla mwaka haujaisha bei ya ngano kwenye soko la dunia ilikuwa imerudi karibu na pale ilipokuwa kabla ya uvamizi. Dukani Bukoba ilishuka polepole. Riba ya binti yangu haikushuka. Alilipa deni lile kwa miaka miwili, sehemu kwa kitenge chake cha harusi, sehemu kwa pensheni yangu, na sasa anauza tena, unga akiupima kwa ndoo ya kukopa kwa jirani.